Debe la Chini ya Kitanda

Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kunusa mchele wangu. Ulinuka karafuu maiti tangu punje ya kwanza hadi ya mwisho, na tuliula hivyo hivyo, mimi na mwanangu Esha, siku zote tisa ambazo mto ulitukatia njia. Watu wa hapa wanalijua debe langu la sasa, hili lililo wazi barazani, na wananisifu kwalo. La kwanza hawakulijua. Sifa zao zinanikera, basi leo nitalisema hilo la kwanza.

Mimi ni Mbodze. Mume wangu, Chirau, alikuwa akikata miwa kule kiwandani Ramisi, nasi tuliishi upande huu wa mto, katika kijiji cha nyumba kumi na moja. Hospitali iko Msambweni, ng'ambo. Duka la maana liko ng'ambo, na mshahara nao uko ng'ambo. Mto ukijaa tunabaki na Mungu na mihogo.

Masika ya mwaka wa hamsini na mbili yalinikuta sina kitu. Vibiriti vililowa, chumvi ikayeyukia kifuuni, moto ukazimika karibu nyumba zote. Mwanangu wa pili, Abdurahman, mtoto wa miezi minane, akashikwa na homa, nami sikuwa hata na maji ya moto ya kumkanda. Alipokufa tulimzika kwa leso yangu ya arusi, kwa sababu bafta ya sanda haikupatikana. Baada ya arubaini yake niliapa kwamba mto huu hautanikuta tena mikono mitupu.

Chirau akaniletea debe la mafuta ya taa lililokwisha. Nililisugua kwa mchanga, majivu na ndimu hadi harufu ikatoka, na fundi wa bati akanitilia kifuniko. Kulijaza kulinichukua zaidi ya mwaka, maana pesa hatukuwa nazo. Kila nilipopika wali nilirudisha konzi moja ya mchele kabla ya kuuosha. Chirau alinitania kwamba chungu chetu kimeingiwa na panya anayevaa leso. Mihogo niliikausha juani ikawa makopa. Chumvi niliitia katika chupa nikaiziba kwa nta, na vibiriti viwili nikavifanyia vivyo hivyo. Nikaongeza wembe, uzi na sindano. Mwaka ule ambao dukani walibandika picha ya Malkia mpya, niliuza kuku wawili nikanunua bafta, pamba na karafuu maiti, ili asizikwe tena mtu wa nyumba yangu kwa nguo aliyochezea mamake arusini.

Mwisho nilinunua vidonge vinane vya kwinini, vimefungwa katika karatasi ya buluu. Mwenye duka aliniambia kwamba vinane ni vya mtoto mmoja, viwili kwa siku, siku nne, na asikatishe. Nikavitia katikati ya mikunjo ya bafta, pasipofika unyevu, nikalisukuma debe chini ya kitanda.

Sikumwambia mtu. Kwetu huwezi kumwambia jirani kwamba unacho lakini humpi. Mtoto anatumwa na kikombe, nawe unakitia chumvi, au mafuta, au unampa kaa la moto katika kifuu, na kesho wako anatumwa kwao. Kitu kikijulikana kwamba kipo, si chako tena. Kwa hiyo mwenye kutaka kuweka hana budi afiche, na mwenye kuficha hana budi aseme uongo. Mimi uongo huo niliufanyia mazoezi. Sina, mwenzangu, hata sisi tumeishiwa. Mwanzoni ulinikwama kooni, baadaye ukawa unateleza wenyewe.

Nyumba yangu na ya Kadzo zilitenganishwa na ua wa makuti tu, nao ulikuwa na tundu la kupitishia moto. Tuliolewa mwaka mmoja, na waume zetu walikata miwa pamoja. Nilipofiwa, Kadzo alilala nyumbani kwangu siku saba, akinipikia na kunilisha kwa mkono wake. Miaka mitatu baadaye mwanawe Boga alikuwa na umri wa miaka minne, mwenye mdomo mrefu kuliko miguu. Alikuwa amekwisha kutangaza kwamba atamwoa Esha wangu, ingawa Esha alimpita kwa mwaka mzima, na kila asubuhi alipenya uani kuja kudai chai ya ukweni. Nilikuwa nikimpa, na nilikuwa nampenda. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani sikumpenda.

Masika ya hamsini na tano, alfajiri ya Jumatatu, maji yalilibeba daraja la miti, wanaume wetu wakiwa ng'ambo kazini. Jumatano asubuhi Kadzo akaja mlangoni. Hakumtuma mtoto na kikombe. Alikuja mwenyewe, leso imemteleza kichwani wala hakuirudisha. Alinieleza kwamba Boga anatetemeka tangu jana, anaropokwa, na hawezi kuvushwa mto kupelekwa Msambweni.

"Mbodze, huna hata kidonge kimoja cha kwinini?"

Esha alikuwa amelala nyuma yangu, na tangu jana yake alikuwa akikohoa. Nikapiga hesabu kichwani upesi upesi. Vinane, mtoto mmoja. Nikivigawa vinne vinne sitakuwa nimemponya yeyote, na mto ndio kwanza unajaa. Nikamwona Abdurahman ndani ya leso yangu. Kisha mdomo wangu ukafanya kile ulichozoea.

"Wallahi sina, mwenzangu."

Aliniamini hapo hapo. Hakutupa jicho ndani, hakuuliza mara ya pili. Alisema Mungu yupo, akageuka akaenda zake.

Tangu saa ile nilihangaika kuliko mama mwenyewe. Nilichuma mwarobaini, nikauchemsha, nikampelekea. Nilimshika Boga kichwa akitapika, nikamkanda, nikamfulia nguo. Wanawake wakasema jirani ndiye ndugu, tazameni Mbodze. Nikirudi kwangu niliketi kitandani, na kisigino kikigusa bati la debe nilishtuka. Alhamisi asubuhi nililivuta hadi katikati ya chumba nikafungua kifuniko. Nilikuwa nimekwisha kuishika bafta mkononi Esha alipokuja mbio kunipasha habari kwamba Boga ameamka na anaomba chai ya ukweni. Kweli, homa ilikuwa imeshuka. Nilimshukuru Mungu mpaka machozi yakanitoka, nikafunga debe, nikampelekea chai yake. Mtu wa pwani hii asiyejua kwamba homa ile huenda ikarudi ni nani? Nilijua, lakini sikutaka kujua.

Ilirudi jioni. Ijumaa alasiri Boga akafa.

Mzee Dzombo, aliyekuwa akiwasomesha watoto Kurani, alisema azikwe kabla ya magharibi, na kwa kuwa bafta haipatikani, leso safi inatosha. Mungu haangalii kitambaa. Kadzo akaingia chumbani akatoka na leso yake ya arusi. Nilipoiona mikononi mwake sikuweza kuvumilia. Nilikimbia kwangu, nikafungua debe, nikachukua bafta, pamba na karafuu maiti, nikarudi mbio na kuviweka mikononi mwake. Wallahi, wakati ule sikukumbuka kitu kingine. Nilidhani hicho angalau ningeweza kumpa.

Bi Kache, mwoshaji, alikuwa anamimina maji ya mwisho. Kadzo akaikunjua bafta ili aipime, na kifuko cha karatasi ya buluu kikaanguka juu ya mkeka, karibu na mguu wa Boga.

Aliinama akakiokota, akakifungua. Vilikuwa vinane, hakuna kilichopungua. Akakigusa kimoja kwa ncha ya ulimi, na uso wake ukakunjamana kwa uchungu. Bi Kache alikuwa ameacha kumimina maji. Mimi nilingoja anitemee mate au anilaani mbele ya watu, na nilitaka afanye hivyo. Kadzo aliikunja karatasi polepole, kama ilivyokuwa imekunjwa, akakitia kifuko katika kiganja changu na kunifumba vidole kimoja kimoja.

"Weka, Mbodze," alisema. "Wewe una mwana."

Bafta aliipokea. Boga alizikwa kwa bafta yangu na karafuu maiti yangu.

Maji yalipopungua wanaume wakarudi. Kadzo hakumwambia mumewe, Nzai. Nalijua hilo kwa sababu Nzai hakuacha kunishukuru. Kila alipokuja kutupa mkono wa Idi alisema mbele ya watu, "Shemeji, ulimsitiri mwanangu, Mungu atakulipa," na Kadzo akasimama kando yake akiwa ameshika sahani ya vitumbua, macho yake yametulia. Bi Kache naye alikufa na lake moyoni. Laiti mmoja wao angelisema. Nimebeba shukrani za Nzai miaka yote hii, na ni nzito kuliko matusi yoyote.

Vuli ya mwaka ule ule Esha akashikwa na homa. Vidonge vilikuwapo vinaningoja. Nilimpa viwili kwa siku, siku nne, bila kukatisha, kama nilivyoagizwa. Siku ya kwanza alikaza meno akageuza uso ukutani.

"Mama, dawa hii inanuka kama Boga."

Nilimlazimisha akameza. Akapona. Yu hai mpaka leo, ana afya kuliko mimi, na kila nikimtazama akila au akicheka najua ni kwa vidonge gani. Siwezi kujuta kwamba vilikuwapo. Hapo ndipo moyo wangu unapopasuka, maana sijui niombe msamaha wa lipi.

Siku ya tano ya ugonjwa ule Kadzo alikuja kumtazama, ameleta uji. Alimgusa Esha shingoni kwa mgongo wa mkono, akaniuliza kama nimempa dawa. Nikasema nimempa.

"Zote?"

"Zote nane."

"Alhamdulillahi," alisema, na alisema kwa moyo. Niliutafuta ubaya usoni mwake kama mtu anayetafuta sindano mchangani, nisiuone. Aliketi akamlisha mtoto wangu uji mpaka bakuli likaisha.

Basi debe hili la sasa nikaliweka barazani, nikalivua kifuniko. Mchele umo, chumvi imo, vibiriti vimo, na kwinini imo nikiipata. Watoto wa nyumba zote wanajua. Wanakuja na vikombe vyao, hata wengine wakorofi wanakuja mara mbili, na debe halifiki Ijumaa ya pili bila kubaki tupu. Chirau alinung'unika mwanzoni, kisha akaacha. Ninalijaza tena, konzi kwa konzi.

Kutoka nyumba ya Kadzo hakijaja kikombe hata kimoja. Si kwamba tumekosana. Tunaamkiana, tunakwenda matangani pamoja, nikipika anakula na akipika nakula. Lakini hajaniomba kitu tena. Ule ua wa makuti ulipochakaa aliusuka upya yeye na Nzai, na safari hii hawakuacha tundu.

Masika haya mto umejaa tena. Juzi asubuhi, mvua ikiwa haijapumua kwa siku mbili, nilitazama jiko la Kadzo sikuona moshi. Nilikwenda mpaka uani na kibiriti changu kikavu, nikamwita kupitia makuti.

"Kadzo, moto unao?"

"Ninao, mwenzangu," akajibu, kwa sauti ile ile ya upole. "Tumeshakunywa chai."

Nilibaki nimesimama na kibiriti mkononi, mvua ikininyeshea, nikilitazama paa lake lisilotoa moshi.