Fundi Makochi Aziba Sauti

Mtu akishashikwa na wazo, hata mkewe hamwezi. Fundi makochi alishikwa na lake siku alipoona projekta kuukuu ikiuzwa na duka lililokuwa linafungwa. Aliibeba mwenyewe hadi nyumbani, akashuka nayo kwenye chumba cha chini ya nyumba, alikokuwa akihifadhi sponji na vitambaa, akatangaza kwamba kuanzia leo hapo ni sinema. Mkewe aliuliza sponji zitahamia wapi. Swali hilo halijajibiwa mpaka leo.

Tumsamehe, maana sinema ilikuwa kwenye damu yake. Marehemu baba yake alikuwa mwendesha mashine katika jumba la sinema, na familia iliishi kwenye vyumba viwili juu ya ukumbi. Utotoni fundi alikuwa akilala kifudifudi, sikio sakafuni, akifuata farasi, bastola na vilio vya mabibi harusi bila kuona picha hata moja. Jumba lile lilishabomolewa. Kila alipolikumbuka, moyo ulimwenda mbali, sindano ikabaki imesimama kwenye kitambaa.

Ndipo mama yake akaja kukaa. Alikuwa ameanguka uani kwake, akalala pale chini mpaka jirani alipopita, na fundi akaapa kwamba hatamwacha tena aishi peke yake. Lakini mama hakuwa mtu wa kuamrishwa.

"Nitakuja nijaribu," alisema. "Nisipozoea, nyumba yangu ipo, haijaenda kokote."

Basi fundi akawa na kazi moja tu duniani: mama azoee.

Chumba alichopewa kilikuwa juu ya sinema hasa. Asubuhi ya kwanza fundi alimuuliza kama amelala vizuri.

"Nimelala. Hizo filamu zenu zinanifikia mpaka kitandani, neno kwa neno."

Alisema hivyo tu, akaendelea na chai yake. Sasa, mama huyu ni wa wale ambao ukiwakanyaga kidole watakuuliza wewe kama umeumia. Fundi akajiambia kwamba hilo ni lalamiko lililofungwa kwa adabu, na lisipotibiwa mapema mama ataondoka.

Mfuko ulikuwa umetoboka, lakini matambara alikuwa nayo tele. Wenzake wa karakana wakamshauri trei za mayai. Akazibandika ukuta mzima. Mkewe akashuka, akatazama kushoto na kulia, akauliza kuku wanaingia lini. Na sauti ikapanda juu vilevile, maana trei zile hupunguza mwangwi wa ndani tu, hazizuii kitu kutoka. Fundi akazing'oa huku akisonya.

Kidogo kidogo akaelewa kwamba sauti ni kama maji, haihitaji mlango, ufa unaitosha. Akaziba nyufa kwa silikoni. Tundu la waya kwenye dari akalishindilia vitambaa mpaka likanyamaza. Akashona magodoro membamba ya mabaki, akayabana katikati ya mbao za dari, akafunika kwa bodi nzito za jipsamu alizoomba kwenye nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa. Mlango aliuvalisha ngozi bandia yenye vifungo, utadhani ni kochi la mheshimiwa, na chini yake akapigilia utepe wa mpira. Shingo ilimkakamaa, vumbi likamjaa puani, lakini moyo ulikuwa mweupe.

Siku ya majaribio aliwasha filamu ya vita, akapandisha sauti, akafunga mlango, akaja kusimama sebuleni na mkewe. Huko chini watu walikuwa wakiuana, huku juu ukasikia nzi.

"Leo umeniweza, baba watoto," mkewe alisema, na haikuwa kawaida yake.

Ajabu ni kwamba mama hakunawiri. Chakula alikidonoa tu, mazungumzo yakawa ya kuvutwa. Halafu siku moja mchana fundi alimkuta ameketi kitandani, amejifunga mtandio, mkoba umefungwa na kuwekwa mlangoni.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwangu. Mmenitunza, Mungu awabariki. Ila nyumba yenu imenishinda."

"Bado kelele zinakusumbua?"

"Kelele gani? Si umezizima."

"Nimezizima kwa ajili yako!"

"Nilikuomba?"

Mama akamwonea huruma, akapapasa kitanda ili akae karibu yake.

"Pale juu ya ukumbi ninyi mlikuwa mnalala, mimi nasikiliza. Filamu ikiisha, kunakuwa kimya kidogo. Halafu namsikia baba yako anapanda ngazi. Maisha yangu yalikuwa hivyo, mwanangu. Nilipofika hapa nikasikia tena ile sauti chini yangu, nikasema moyoni, hapa nitakaa. Sasa ni kimya asubuhi, kimya jioni. Na mimi nikisikia kimya, masikio yananiponza, yanangoja hatua. Hazipandi. Kama ni kungoja, afadhali nikangoje kwangu."

Fundi aliinuka, akashuka sinemani. Mkewe alimkuta huko chini, juu ya ngazi, akikata jipsamu kwa kisu cha sponji na kuyang'oa magodoro aliyoyashona kwa mikono yake.

"Umerukwa na akili?"

"Nishikie ngazi."

Alimweleza huku akivuta matambara kwenye tundu la waya kwa koleo. Mkewe alishika ngazi kwa mikono miwili, na safari hii hakutania.

Jioni waliwasha filamu ya mapenzi, ile ya nyimbo nyingi. Ilipokwisha, fundi hakuinuka mara moja. Aliacha kimya kikae. Kisha akavaa viatu vyake vya kazi, akaanza kupanda, akikanyaga kila kidato kwa uzito wake wote.

Mlango wa mama ulikuwa wazi. Alikuwa amejilaza, uso ameuelekeza ngazini, macho yamemlowa.

"Umechelewa," alisema.

"Filamu ilikuwa ndefu, mama."

Mama akamtazama, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Huo mkoba unaziba njia, mwanangu. Upandishe juu ya kabati."