Mwenye Kamba Haapi

Tuzo ya mwalimu mzalendo wa wilaya nzima nilipewa mimi, mtu ambaye hajawahi kuapa hata mara moja tangu azaliwe. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilishamaliza.

Ngoja nianze mwanzo, maana watu wanapenda kudandia habari katikati. Nafundisha hesabu katika shule ya serikali. Kila Jumatatu asubuhi shule nzima inapanga mistari uwanjani, bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unaimbwa, halafu walimu na wanafunzi wanaweka mkono wa kulia kifuani na kula kiapo: naapa kwa nafsi yangu yote kuitii bendera hii mpaka pumzi yangu ya mwisho. Ni amri. Mwalimu asiyeapa anaachishwa kazi na kutolewa kwenye nyumba ya shule. Mwanafunzi asiyeapa anarudishwa kwao, na mtihani wa mwisho atausikia kwa wenzake.

Sisi wa kusanyiko letu hatuapi. Si kwamba tunaichukia nchi, jamani. Kodi tunalipa, foleni tunapanga, wagonjwa wa jirani tunawauguza. Ila nafsi tunasema ina mwenyewe, na kiapo ni cha Mungu peke yake. Mama yangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Bibi, alifukuzwa shule akiwa mtoto kwa sababu hiyohiyo, na mpaka leo hajui kusoma. Dawa zake anasomewa na mwanangu, ipi ya asubuhi, ipi ya jioni. "Nilifunga mdomo, wakanifungia mlango," Bibi hupenda kusema, kisha anacheka, na kicheko hicho sijawahi kukipenda.

Sasa mtu kama mimi alidumuje pale? Kwa kamba. Mkuu wa shule wa zamani alikuwa mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Nilipoajiriwa nikamweleza ukweli, akajikuna kidevu, akasema, "Mwalimu, kuanzia leo bendera unapandisha wewe. Mwenye kamba mikono yake yote ina kazi. Nani atamtazama mdomo?" Hakulisema tena jambo hilo mpaka anastaafu. Basi wenzangu wakiapa, mimi nilikuwa nafunga kamba kwenye mlingoti, na fundo langu halikuwahi kuisha kabla kiapo hakijaisha.

Mwanangu alipoanza shule nikamtafutia na yeye mzigo. Akawa mbeba bendera: anaileta imekunjwa juu ya mikono yote miwili, ananikabidhi, kisha anasimama karibu yangu ameshika mwisho wa kamba usiburuzike. Tulimpa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Huyo mtoto anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, akiwa na homa ndiyo kabisa. Lakini Jumatatu wakati wa kiapo alikuwa kimya kama mimi, mikono imejaa kamba, na hakuna aliyetuuliza kitu miaka yote.

Kosa langu ni kwamba kazi niliifanya vizuri mno. Wengine wanavuta bendera kama wanavuta ndoo kisimani. Mimi nilijua kuivuta ipande bila kusita, ifike juu na neno la mwisho la wimbo, si kabla, si baada. Kapi, lile gurudumu dogo la kileleni, nilikuwa nampandisha fundi kwa ngazi alipake mafuta ya kupikia lisilie. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilivyosifiwa ndivyo nilivyozidisha mafuta. Wageni wakija wanasema, tazameni huyu mama anavyoipenda bendera! Nami nainamisha kichwa kwa adabu. Mtu anayejificha anatakiwa apandishe bendera ovyoovyo kidogo. Hilo halikuniingia akilini.

Akaja mkuu mpya, naye hakuambiwa kitu. Nyuma yake akaja mkaguzi wa elimu. Jumatatu hiyo bendera ilipanda kama moshi wa jikoni siku isiyo na upepo, na mkaguzi akatoa miwani. Baadaye kidogo tukatangaziwa kwamba mwalimu mzalendo wa wilaya ametoka shuleni kwetu, atapewa tuzo Jumatatu inayokuja mbele ya wanafunzi wote, na kwa heshima hiyo yeye ndiye atakayeongoza kiapo kwenye kipaza sauti.

Nilikwenda ofisini kwa mkuu mpya, nikamwambia kila kitu. Si mtu mbaya. Alifunga mlango, akaketi, akasimama, akaketi tena.

"Mwalimu, kwa nini unaniletea balaa hili sasa? Jina limeshakwenda juu."

"Mrudishie mkaguzi. Mwambie naumwa."

"Atakuja siku utakayopona. Mama, ni maneno tu yale."

"Kama ni maneno tu, basi nisiyaseme."

"Kama ni maneno tu, yaseme!" Akashusha sauti. "Nisikilize. Usiposema, mimi sina la kukusaidia. Nyumba utahama, kazi kwisha. Na watauliza mtoto wako anasimama wapi wakati wa kiapo. Mwaka huu ana mtihani, au siyo?"

Nilimwambia ndiyo. Nikamshukuru, sijui kwa nini, nikarudi darasani kufundisha hesabu za sehemu.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, bila hiyo hamtaelewa. Mezani kwetu sala ya chakula inazunguka. Anaanza mdogo kuliko wote, kila mtu anasema lake, inamalizikia kwa mkubwa. Mtu wetu aliyekula kiapo cha kidunia hafukuzwi wala hasemwi. Anajihukumu mwenyewe. Sala ikimfikia anasema "nipite," nayo inampita, na hakuna ruhusa ya kumuuliza sababu. Mjomba wangu alichukuliwa jeshini akiwa kijana, akaapa huko. Alirudi mzima, akaoa, akazaa, akazeeka, na kila mlo alisema nipite mpaka tunamzika. Watoto tulikuwa tunadhani ni namna yake ya kusema amina.

Jioni ile niliwaambia Bibi na Chiriku mambo ya mkuu. Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Hutaapa," alisema. Halikuwa swali.

"Siapi, mama."

"Tutahamia wapi?" Chiriku akauliza kutoka kwenye beseni la vyombo.

"Mungu hana nyumba za walimu tu," Bibi akasema.

"Na dawa zako? Na mtihani wangu?"

"Mtihani ni wako, kiapo ni changu," nikamjibu kwa ukali. "Usichanganye mafaili. Osha vyombo."

Akaosha vyombo. Hakusema neno mpaka amevipanga vyote. Chiriku, kimya! Nilimshukuru Mungu kwa utulivu huo. Mjinga mimi.

Jumatatu ikafika. Kamba alipewa mwalimu wa michezo, mikono yake kama koleo. Bendera ilikwama nusu ya mlingoti, ikaruka, ikakwama tena, wimbo ukaisha yenyewe bado iko njiani. Hata katika hali ile roho iliniuma kwa ajili ya kapi. Chiriku alikuwa ameileta bendera kama kawaida, sasa amesimama pembeni ya mlingoti, mikono mitupu. Mwalimu wa michezo hakujua kwamba mwisho wa kamba una mtu wake.

Wakaniita. Nilitembea mpaka kwenye kipaza sauti. Mbele yangu shule nzima, mikono iko vifuani tayari, inasubiri mtu aanze. Mkaguzi amekaa kwenye kiti cha kitambaa, tuzo iko mapajani: chupa ya chai mpya, yenye nembo ya wilaya. Nilikuwa nimeshapanga la kusema. Samahani, siwezi. Basi. Nilikuwa sina hofu, mnielewe. Nilikuwa sina kitu. Miguu ilikuwa baridi, hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Nikavuta pumzi nilitoe neno langu.

Wala sikumwona akija. Nilisikia tu kipaza sauti kinashushwa, na sauti ya mwanangu, ileile inayonipigia kelele asubuhi kwamba sabuni imeisha, ikisema, "Naapa kwa nafsi yangu yote."

Na shule ikaitikia. Watoto wa shule ukiwaanzia wanaitikia, hata ungewaanzia jedwali la saba. Chiriku akasema neno kwa neno, wazi, bila kutetemeka, na hakukosea hata mahali pamoja. Miaka yote hiyo alikuwa amesimama kimya kumbe amekariri. Nilikuwa bado na ile pumzi yangu kifuani. Sikujua niipeleke wapi.

Mkaguzi akasimama anapiga makofi. "Mama na binti! Mmeona? Mama amezidiwa, mtoto amempokea! Haya ndiyo malezi!" Mkuu wa shule akapiga makofi kuliko wote, na jasho likimtoka. Nikapewa chupa ya chai. Nikasema asante. Tukapigwa picha.

Nyumba yetu iko ng'ambo tu ya uwanja. Jioni tulivuka pamoja, yeye amebeba chupa.

"Ulitaka kusema nini pale?" akaniuliza.

"Siwezi."

"Nilijua."

Nilimpenda na nilitaka kumtikisa mpaka meno yagongane. Mikono yangu yote ilikuwa na madaftari. Tukaingia ndani.

Bibi alikuwa ameshaandaa. Aliniangalia usoni, akaona sijalia, nadhani akajua siku imekwisha salama. Alivuta kiti. "Haya, Chiriku, wewe mdogo. Anza."

"Nipite," mtoto akasema.

Kijiko cha Bibi kilibaki hewani. Kwetu huulizi, na Bibi hakuuliza. Aligeuka akanitazama mimi, anasubiri na mimi niseme lile neno. Alikuwa amejiandaa kulisikia kutoka kwangu, hilo nililiona. Wiki nzima alikuwa amejiandaa. Nikakaa kimya. Ndipo akaelewa ni mdomo wa nani ulioapa na ni mdomo wa nani uliobaki safi. Angenizaba kofi ningeshukuru.

"Basi omba," akaniambia. "Wewe mwenye mdomo."

Nikaomba. Nilishukuru kwa maharage, nikashukuru kwa paa. Bibi akamalizia yeye. Chiriku alikuwa ameinamisha kichwa, anachora kitu mezani kwa ukucha. Tulikula. Chumvi ilikuwa imezidi, hakuna aliyesema.

Siku zilizofuata nilimwambia arudi kwenye sala, aseme tu yuko tayari, kusanyiko litamwombea yaishe, yeye mtoto bado. Alinijibu kwa upole, kama mimi ndiye mwanafunzi: "Nitasemaje niko tayari na Jumatatu naapa tena?" Kwa sababu mkaguzi alikuwa ameacha agizo. Binti wa mwalimu mzalendo ataongoza kiapo kila wiki mpaka amalize shule. Sauti yake imependwa.

Kwa hiyo sasa ni hivi. Jumatatu nimerudishiwa kamba. Bendera inapanda vizuri, kapi halilii. Ikifika juu, naanza kufunga fundo taratibu, na mwanangu anasogea kwenye kipaza sauti, anaweka mkono kifuani, anaapa. Hakuna anayenitazama mdomo. Nakaza fundo, nalegeza, nakaza tena, mpaka amemaliza.

Nyumbani ameacha kuongea akila. Akipiga mswaki, kimya. Dawa bado anamsomea Bibi, ya asubuhi, ya jioni, halafu anafunga kasha. Mezani Bibi hamwambii tena aanze. Sala inaanzia kwangu. Naomba, nasema amina, Bibi anaomba, anasema amina. Tunangoja kidogo, sijui tunangoja nini. Kisha mtoto ananiuliza kama nataka chai, ananimiminia kutoka kwenye ile chupa ya wilaya. Lazima niseme ukweli, ni chupa nzuri. Chai ya asubuhi mpaka jioni bado ya moto.