Dola Kumi za Baba na Binti

Mzee Emil Zapalac ana miaka themanini na moja, na kama kuna mtu anayejua kunipandisha presha hapa duniani ni yeye. Ni jirani yangu. Nasema haya nikiwa nampenda, maana watu wakinisikia hudhani nimemchoka. Na nimemchoka pia.

Macho yalipomwishia aliniuzia pikapu yake kwa dola elfu nne na mia mbili. Nililipa zote siku ileile, tukapeana mikono, tukanywa kahawa. Niliihitaji kweli. Huku mashambani mpeleka barua hutumia gari lake mwenyewe, na posta walishaniambia: Jumatatu uje na gari lenye namba na bima kwa jina lako, ama nafasi apewe mwingine. Nina miaka arobaini na saba. Kazi ya serikali haitaniita tena.

Kodi ya mauziano, dola mia mbili sitini na mbili na nusu, nilikuwa nimeshaiweka kando. Sikumwomba mtu msaada. Mnisikie vizuri hapo, sikumwomba mtu.

Ijumaa saa tisa tukafika ofisi ya kodi ya kaunti. Mzee alikuwa na boksi la kolache, vimkate vitamu vya aprikoti, kwa ajili ya karani, kwa sababu huku kwetu haendi mtu ofisini mikono mitupu, hata kama anakwenda kulipa faini. Akakaa kwenye benchi, kofia magotini. Bahasha ya karatasi za gari aliipanga mwenyewe, nami nikaipitisha dirishani bila kuifungua. Nani anapekua karatasi za jirani aliyemjua miaka yote?

Earlene, karani, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Delphine," akasema, "hii pikapu umenunua au umepewa?"

"Nimenunua."

"Mbona hapa kuna kiapo kwamba ni zawadi? Kina muhuri wa mthibitisha viapo wa benki kabisa. Zawadi ya baba kwa binti yake, kodi dola kumi."

Nikageuka. Mzee alikuwa anasoma bango la ukutani, yeye asiyeona hata sahani yake.

"Mzee Emil," nikamwita. "Umefanya nini?"

"Nimekupunguzia. Ukiandika bei ya chini, kompyuta yao ina bei yake, wanakutoza kwa hiyo. Zawadi ya mzazi haiguswi. Niliuliza."

"Uliuliza nani?"

"Watu."

Earlene akainamia dirisha. "Mzee, baba yake huyu alikuwa Leon Matula. Nilikuwepo kwenye mazishi yake. Nilioka kolache trei nne."

"Leon alikuwa mtu mzuri," mzee akasema. "Sijamnyang'anya kitu."

Watu wawili waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Mimi sikucheka. Uwongo kwenye kiapo cha gari ni kesi huku kwetu, na posta hawamwajiri mtu mwenye kesi. Saa kumi na nusu dirisha linafungwa. Kwa dola mia mbili na hamsini ambazo sikuomba kupunguziwa, mzee huyu alikuwa anakaribia kuniondolea mkate mdomoni, tena kwa upendo. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

"Mimi sijapokea kitu mpaka nipige muhuri wangu," Earlene akasema taratibu, akakisukuma kile kiapo upande wangu. "Jazeni fomu mpya. Bei ya kweli, sahihi zote mbili. Na kwa kuwa karatasi ya undugu imeshafika mezani kwangu, mniandikie mstari mmoja kwamba hamna undugu, nisije nikaulizwa."

Nikachukua kalamu, nikakaa na mzee kwenye benchi. Niliandika bei. Halafu nikaandika ule mstari: mimi na muuzaji hatuna undugu wowote. Nilibonyeza kwa hasira hadi wino ukatokea upande wa pili.

"Nisomee," akasema.

"Unajua kilichoandikwa."

"Sioni, binti. Nisomee."

Nikamsomea. Ofisi nzima ikasikia.

"Rodney ni mwanangu wa kumzaa," mzee akasema. "Yuko Houston, mwendo wa saa tatu kwa gari. Hajaja tangu Pasaka ya mwaka juzi. Hospitali ya macho umenipeleka wewe, miaka mitatu. Karatasi iliuliza uhusiano, nikaandika ninaoujua."

"Karatasi haiulizi hayo, mzee."

"Basi karatasi ni ya kipumbavu."

Nikamwekea kidole mahali pa kusaini. Akasaini. Nikamwambia akichane kile kiapo; hakukichana. Alikikunja mara nne akakitia mfuko wa shati. Nikalipa kodi yangu yote, Earlene akanipa namba dakika nane kabla ya kufunga. Njiani kurudi sikumsemesha, na hilo linaniuma hadi leo.

Posta walinifundisha kazi wiki nzima. Jumatatu iliyofuata nikatoka peke yangu na njia yangu, ndani ya pikapu yangu, nikijinyoosha kutoka kwenye usukani hadi dirisha la kulia kwa kila sanduku la barua la kando ya barabara. Kwa Mzee Emil bendera nyekundu ya sanduku ilikuwa imeinuliwa, maana yake kuna barua ya kuchukuliwa. Ndani nikakuta bahasha moja yenye mwandiko mkubwa unaopanda mlima: Delphine, nyumba ya jirani. Niliipapasa tu nikajua. Karatasi iliyokunjwa mara nne.

Hakuweka stempu. Mzee aliyehangaika mpaka benki ili serikali isinilie dola mia mbili na hamsini, stempu hakuweka. Na barua isiyo na stempu mpeleka barua haruhusiwi kuipeleka, hata nyumba ya pili, hata kwake mwenyewe.

Nikasonya. Nikatoa stempu yangu kwenye pochi, nikailamba kwa mazoea ingawa za siku hizi zinanata zenyewe, nikaibandika vizuri kwenye kona. Kisha nikasogea hatua mia moja, nikaitia ndani ya sanduku langu.