Kisigino cha Andendekisye

Saa moja asubuhi foleni ya wagonjwa ilikuwa imeshafika kwenye pipa la maji, na Sedekia alikuwa bado anachemsha sindano. Kambi nzima ya wapasua mbao, huku Mufindi, ilimwita Dokta. Yeye alikuwa dresa tu, mfunga vidonda mwenye mafunzo ya miaka miwili na koti jeupe lililobaki na kifungo kimoja.

"Leta mguu," alimwambia Andendekisye.

Andendekisye akauweka mguu kwenye benchi. Siku kumi na tatu nyuma aliteleza juu ya gogo, pale anaposimama kuvuta msumeno huku mwenzake Isihaka akiuvuta kutoka shimoni chini yake. Kano la kisigino likachanika nusu. Sasa palikuwa pamevimba, pana joto.

"Uvimbe hautoki, Dokta. Dawa yako imelala?"

"Uvimbe ni kazi, ndugu yangu. Kwenye damu mna chembe nyeupe. Za kwanza zinazoa uchafu wa jeraha, halafu zinaita mafundi wa kushona. Ukisikia joto, ujue wako kazini. Waache wiki sita."

Andendekisye akacheka. "Hao wana bahati. Mimi nyapara kanipa mpaka kesho."

Sedekia hakucheka. Sheria ya kambi aliijua: mgonjwa asiyerudi kwenye gogo baada ya wiki mbili anatoa vyombo chumbani. Atuganile, mke wa Andendekisye, alikuwa na kichanga cha siku sita, na baridi ya Juni huku si ya kulala nje.

Saa tatu Ezekia, nyapara mwenyewe, akaingia na kichupa.

"Bwana Meneja kasema umchome Andendekisye hii. Mpya. Inaondoa uvimbe siku moja."

Sedekia alikijua kichupa kile. Daktari aliyepita mwezi uliopita alimwonya: dawa hii inatuliza uvimbe, lakini kano linaweza kulegea, na aliyechomwa asiguse kazi.

"Akichomwa lazima apumzike," alisema.

"Apumzike ana nini, kama havimbi?"

Sedekia angeweza kukataa. Lakini na yeye alilala chumba cha kambi, na kazi ya udresa aliihangaikia miaka mingi. Akamwita Andendekisye, akamchoma.

Kesho yake kisigino kilikuwa kimenywea. "Ndaga fijo, Dokta!" Andendekisye alimshukuru kwa Kinyakyusa, akimshika mikono yote miwili. Sedekia akamwita mgonjwa aliyefuata kwenye foleni.

Pale kambini anayetoka ugonjwani hupanda gogo mbele ya mstari mzima wa wapasua mbao, akaruka mara tatu, ili ijulikane hadanganyi. Akitua vizuri, amepona. Hakuna anayeuliza zaidi. Andendekisye akaruka mara nne, kwa mbwembwe. Watu wakampigia makofi. Sedekia naye alipiga.

Kabla ya saa sita pakalia mlio. Isihaka, akiwa shimoni, alidhani gogo limepasuka, akapiga kelele watu wakae mbali. Kumbe ni kano. Walimleta Andendekisye zahanati wamemlaza juu ya ubao alioupasua mwenyewe.

Ezekia alifungua daftari la ajali, akamsukumia kalamu Sedekia.

"Andika uzembe, atoe vyombo leo. Kuruka ni mara tatu. Yeye karuka nne."

Sedekia akaishika kalamu. Akaandika uzembe.

Andendekisye alikuwa akitazama paa. Nyuma ya kisigino, pale penye kano, kidole kizima kingezama.

"Wale mafundi wa ndani, Dokta. Wako wapi?"

"Niliwafukuza," Sedekia alisema. "Kazi ilikuwa haijaisha. Nisamehe."

Andendekisye alimgeukia nyapara, akaomba Atuganile aachwe na mtoto chumbani mpaka asubuhi, ukungu ukiondoka.

Ezekia akafunga daftari. Alisema atamuuliza Bwana Meneja.