Ncha ya Aproni

Hivi wewe, umewahi kujiona kwenye skrini ukatamani ardhi ipasuke ikumeze? Basi sikiliza ya Mama Vifuniko.

Kiwanda alichofanyia kazi kilitia jemu kwenye chupa. Maelekezo ya karatasi hayakuwa na msomaji, ndipo mkuu wa ubora alipoamua kazi ifundishwe kwa video. Mfunikaji mzoefu arekodiwe, video ikaguliwe, iidhinishwe, ipewe na namba yake. Ikishaidhinishwa ndiyo sheria: fanya vilevile unavyoona, usiongeze, usipunguze.

Akachaguliwa Mama Vifuniko. Alisuka nywele, akavaa aproni mpya yenye mikunjo ya pasi. Nyumbani alijigamba mpaka mumewe akasema, "Haya nyota wetu, chai je? Au nayo inasubiri kamera?"

Video ilipoanza kuonyeshwa juu ya meza ya kufunikia, aliliona kosa papo hapo. Kabla ya kuweka kifuniko, mkono wake ulishika ncha ya aproni ukafuta mdomo wa chupa, kama afanyavyo jikoni kwake. Vile vitambaa safi vya kufutia na kutupa vilikuwa pembeni, vimekaa tu. Walioidhinisha hawakuona. Akajisemea, nitasema kesho. Kesho ikafika, ulimi ukawa mzito. Nani anapenda kushushwa akishapandishwa?

Baadaye mkwewe, mke wa mwanawe, akapata kazi palepale. Binti mwepesi wa kushika. Alijifunza kwa video, ncha ya aproni na yote.

Chupa zikaanza kurudishwa kutoka madukani, zimeota ukungu chini ya kifuniko. Mkuu wa ubora akashuka mezani, macho mekundu, akamkuta yule binti anafuta.

"We! Uchafu huu kakufundisha nani?"

"Video, bosi."

"Video niliyoipitisha mimi? Unaisingizia? Vua aproni, nenda nyumbani, usirudi!"

"Si amuulize mama mkwe," mfunikaji mmoja akanong'ona, "ndiye mcheza sinema." Wenzake wakaangua kicheko.

Binti alimtazama mama mkwe mara moja, kisha akainamisha macho. Angeweza kunyoosha kidole kwenye skrini. Hakunyoosha. Alianza kufungua kamba za aproni polepole, na ile heshima ikamchoma Mama Vifuniko kuliko tusi. Juu yao video ikaendelea kuzunguka, yeye mwenyewe akitabasamu, akifuta, akifunika.

"Mwanangu, acha kamba hizo," alisema. "Bosi, tazama hapo juu. Tazama mkono wangu, sio wake."

Bosi akatazama. Meza nzima ikatazama, kicheko kikafa.

"Kosa nililiona siku ile ile ilipoanza kuonyeshwa, nikanyamaza, maana nilipenda kuonekana. Nilichotaka kusema ni hiki: iondoeni hiyo video, nimekosea mimi."