Mwenye Ugonjwa Hakuambiwa

Mzee Hironimus alipoanza kushindwa kumeza ugali, alidhani ni uzee. Alikuwa mkulima wa tumbaku huko Namtumbo, amefiwa na mke, mtu wa maneno machache. Akawa anateremsha tonge kwa maji, kisha kwa mchuzi, mwishowe akabaki na uji. Mwezi wa kwanza binti yake Ekaristia, mwenye genge la mboga mtaa wa Lizaboni, Songea mjini, alimleta kwake akapimwe.

Hospitali walimpitisha kamera kooni, wakachukua kinyama kidogo kwenda kukipima. Siku ya majibu alikwenda na watoto wake wote wawili, Ekaristia na kaka yake Pankrasi, fundi wa magari. Muuguzi aliyeitwa Suzana alifungua mlango, akaita jina la mzee. Mzee akasimama, akajipangusa suruali. Ndani daktari akasema, "Mzee apumzike kwanza. Waingie watoto."

Mzee akarudi kukaa kwenye benchi. Wakubwa wa hospitali wana taratibu zao, akafikiri.

Daktari hakuzunguka. "Baba yenu ana saratani ya njia ya chakula. Bado haijaenda mbali. Akiwahi kwenda Dar es Salaam kwenye matibabu ya mionzi, nafasi ipo. Akichelewa, mtabaki kumuuguza tu."

Ekaristia alishika ukingo wa meza. Pankrasi ndiye aliyejibu.

"Daktari, naomba asiambiwe. Mama yetu aliambiwa ana saratani ya titi, akageukia ukutani, akagoma kula. Hakumaliza mwezi. Huyu naye ukimwambia, umemuua leo."

Daktari alifikiri kidogo. Watu wa kuonwa walikuwa wamejaa mpaka nje. "Ninyi ndio mnaomjua," akasema. "Ila safari isichelewe."

Suzana, aliyekuwa akipanga vifaa pembeni, akageuka. "Lakini mgonjwa ni yeye," akasema. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika barua ya rufaa.

Nje, Pankrasi akamwambia baba yake kwamba ni vidonda vya tumbo, tena vibaya, na kwamba daktari anataka aende Dar es Salaam.

"Vidonda vya tumbo?" mzee akauliza. "Dawa zake mbona hata kwetu zipo?"

"Hivi ni vikubwa, baba. Vinataka mashine."

"Nani amewahi kupelekwa Dar es Salaam kwa vidonda vya tumbo? Tumbaku yangu ipo shambani. Karibu naanza kuchuma, na bani la kukaushia halijarekebishwa. Nikimaliza kukausha, tutaongea."

Pankrasi alimsihi, akapandisha sauti, akamleta mpaka katekista wa mtaani amsihi. Mzee hakuwa mkaidi. Alikuwa anapima mambo, na kwenye mizani yake upande mmoja ulikuwa tupu. Jioni ya siku ile Ekaristia alimvuta kaka yake nyuma ya nyumba.

"Tumwambie. Akijua, atakwenda."

"Akijua, atalala chini kama mama. Nimekataza, Ekaristia. Mkubwa ni mimi."

Kesho yake mzee alirudi Namtumbo kwa basi, na vidonge vya kutuliza tumbo mfukoni.

Lakini siri waliyomfichia mzee haikukaa ndani ya familia. Pankrasi alimwambia mkewe. Mkewe akawaomba wanajumuiya wa kanisani wamwombee baba mkwe. Jirani wa Ekaristia, Bi Saada, alisikia kwa mwanajumuiya mmoja, akaja gengeni kutoa pole. "Mwenyezi Mungu amjalie shifaa," akasema, akishika mkono wa Ekaristia. Hata kijana wa bodaboda aliyezoea kumbebea mzee mizigo alikuwa akiuliza, "Mzee wa saratani anaendeleaje?" Ekaristia alikuwa akijibu, "Anaendelea." Usiku alikuwa akijiambia kwamba kesho atapiga simu Namtumbo amweleze yote. Kesho ikifika, alikuwa akipiga na kuuliza habari za tumbaku.

Mzee alirudi baada ya Pasaka. Ekaristia alipomwona akishuka kwenye basi, alimpita kwa macho mara ya kwanza, hakumtambua. Shati lilimning'inia kama limetundikwa ukutani. Hata maji yalikuwa yakimrudi puani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tumbaku imekauka vizuri," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Sasa twende huko Dar es Salaam."

Jumamosi ile, kabla ya safari, jumuiya ilisali nyumbani kwa Ekaristia. Walijaa sebuleni, wengine wakakaa mkekani. Mzee aliwekwa kwenye kiti, amejifunika shuka. Mama Monika, kiongozi wa sala, mwanamke mwema ambaye hakudhani kwamba kuna jambo la kufichwa, akainua mikono.

"Ee Bwana, mguse mtumishi wako Hironimus. Umwondolee saratani hii inayomtesa."

Wengine waliitikia, wengine hawakuitikia. Pankrasi alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee alifumbua macho, akamtazama Mama Monika, kisha akapitisha macho kwa mmoja mmoja pale sebuleni. Hakuna aliyeonyesha kushangaa. Kwa hilo akajua kwamba ni kweli.

Alingoja mpaka sala ikaisha, watu wakaaga. Kisha akamwita binti yake.

"Wale wote walikuwa wanajua?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Sisi, tangu siku ya majibu."

"Siku ile," mzee akasema, "nilikuwa bado ninakula uji mzito."

Pankrasi akapiga magoti. "Baba, tuliogopa. Tulimkumbuka mama."

"Mama yenu alikuwa mama yenu. Mimi mlinifanya nichague tumbaku. Mngenieleza, ningeiacha ioze shambani."

Jumatatu alikwenda hospitali ileile ya Songea. Watoto walimsindikiza, lakini mlangoni akawazuia kwa fimbo yake ya kutembelea. Walikaa kwenye benchi, Ekaristia upande huu na Pankrasi upande ule. Ndani mzee alikaa muda mrefu. Daktari alimpima, akamweleza kwamba ugonjwa umeshafika kwenye ini, kwamba mionzi sasa haitasaidia, kwamba kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Hayo watoto hawakuambiwa; waliyajua baadaye, kwa kumwona tu akizidi kuisha.

Mzee alipotoka alipita bila kuwaangalia. Ekaristia akamfuata yule muuguzi, Suzana.

"Dada, wamemwambia nini?"

Suzana alivua glavu taratibu. "Amesema habari zake asipewe mtoto wake yeyote. Ni haki yake." Akasita. "Samahani, dada yangu. Siku ile nilisema neno moja tu. Nilipaswa kusema zaidi."

Mzee alikataa kulala tena Lizaboni. Alirudi Namtumbo kwa dada yake, Bibi Kunegunda, aliyekaa jirani na shamba lake, na muuguzi wa zahanati ya kule akawa anampelekea dawa ya maumivu. Ekaristia alifunga genge, akamfuata. Baba yake hakumfukuza. Alimwacha amwoshe, amgeuze, amloweshe midomo kwa kitambaa. Ila kila mzee alipotaka kusema jambo alikuwa akimpungia mkono atoke, aitwe Bibi Kunegunda, na mlango ufungwe. Akiwa nje, akichambua mboga, Ekaristia alikuwa akisikia ile sauti ya kukwaruza ikisema maneno asiyoweza kuyashika.

Mzee alifariki mahindi yakiwa yanakauka shambani. Pankrasi alifika na jeneza kutoka mjini, akalia mbele za watu mpaka wakamshika.

Baada ya maziko Ekaristia alimkuta shangazi yake jikoni.

"Shangazi, alikuwa anasema nini siku zile?"

Bibi Kunegunda aliendelea kupepeta mchele. "Hakuwalaani, kama ndilo unaloogopa."

"Na mengine?"

"Mengine aliniomba yasitoke."

Ekaristia akachukua ndoo, akaenda bombani. Waombolezaji walikuwa wengi na maji yalikuwa yamekwisha. Pankrasi alikuwa amekaa peke yake chini ya ukuta wa bani la baba yao. Alimwita dada yake kwa jina. Ekaristia alisikia, akaendelea kutembea.