Paa la Kopo la Soda

…na nisiachilie, kwa sababu gundi hii ya duka la stendi ni ya uongo, ukiachilia mapema paa linateleza, kwa hivyo nimekaa hapa verandani nimebana kwa vidole viwili kipaa kisichozidi kiberiti, siwezi kuinuka, siwezi hata kujikuna pua, na mume wangu Mwandawiro anaionyesha milima ya kuchezea iliyo mezani, anamwambia rafiki yake Mahmud, “Hii milima nimehangaika nayo, bwana,” amehangaika nayo, yeye, ambaye jasho lake lote lilikuwa kula mayai trei zibaki tupu… mimi ndiye niliyeloweka trei hizo nikazikata matuta, ngazi kwa ngazi, mimi niliyechekecha udongo mwekundu wa hapa Voi kwa chujio la chai, mpaka leo chai ya nyumba hii ina mchanga na hakuna anayeuliza, nikachambua nyuzi za mkonge ziwe nyasi, nikararua sponji ya vyombo nikaitia rangi ya kijani iwe migomba, nikapasua kopo la soda nikalikwaruza kwa uma mstari kwa mstari hadi likawa mabati, na wao wawili kazi yao ni vifaru vya vita, vile vya plastiki ambavyo Mahmud huletewa na nduguye kutoka Dubai, wanavipanga kila Jumapili nikirudi kanisani, wanarusha dadu, wanapiga kelele “Huyo amekwisha!”, wanaume wazima wenye mvi… “Shemeji,” anasema Mahmud, “mkono wako una baraka, wallahi, mtu aweza kuisikia baridi ya milima hii,” angalau yeye anajua ni mkono wa nani, lakini Mwandawiro hata hajamsikia, anainama juu ya meza, anakodoa jicho moja kama fundi, “Hiyo nyumba, mama Shanice, usiimalize sana. Bomoa ukuta mmoja, ionekane imepigwa bomu. Si hii ni vita?”

Bomoa. Analitamka kama vile Ronald alivyolitamka, Ronald ndugu yangu mdogo, mwezi wa nane, kwa simu, mimi niko sokoni na nyanya mkononi, “Dada, ile nyumba ya mama tumeibomoa, ilikuwa imezeeka,” kama mtu anayekuambia kwetu Werugha mvua imenyesha, na nilipouliza mabati yako wapi akasema ameezekea banda la kuku, mabati ya mama, aliyoyanunua moja moja kwa maziwa ya ng'ombe wake, yako juu ya kuku… na sasa Jumamosi ni kikao cha kugawa shamba la mama, mbuzi atachinjwa, wazee watakaa uani, na mimi nitaitwa kutoka jikoni nisimame mlangoni niseme “sina neno”, basi, maneno mawili, nirudi kwenye moshi, shamba liwe la Ronald na ndugu yetu Elijah, “Wewe umeolewa, dada, una kwako,” kwangu wapi, hii nyumba ya kupanga? Sheria ilishasema binti naye ni mtoto, redio imesema mpaka imechoka, lakini pale uani redio haikaribishwi… na kikao kile cha kwanza nilikuwa jikoni nimetega sikio, nikingoja sauti moja tu, ya mkwe wao, mume wangu, aseme hata “tungoje kidogo”, mkwe ana heshima yake pale, wangemsikiliza, na nilichosikia ni mifupa ikivunjwa, alipewa mbavu, akala mbavu, tukiteremka kurudi nyumbani akafuta mdomo akasema, “Hayo ni mambo ya boma lenu. Sema tu huna neno, yaishe.” Yaishe! Mtu anayebishana na Mahmud alasiri nzima kuhusu kifaru cha plastiki, kama kingeweza kupanda mlima ule au la, anaapa, anapiga meza, kwa shamba la mama yangu akakosa sauti.

Nina hasira mpaka nabana kupita kiasi, polepole Loise, paa litapinda… na hii njia mbona nimeikunja hapa, baada ya jiwe? Mlango nimeuelekeza bondeni, na nyuma ya nyumba nimeweka kizizi cha njiti za kiberiti, cha ng'ombe mmoja tu, sikukusudia, Mungu anajua, niliombwa kilima nikafanya kilima, mikono ndiyo iliyokwenda kwao. Ni kwa mama. Matuta ni yale aliyoyachimba na jembe lililokatika mpini, na huku juu, katikati ya migomba, nimeacha mahali patupu, sikupanda nyasi, najua kwa nini, hapo ndipo tulipomzika, ukungu ulikuwa mzito hata waliokuwa upande wa pili wa kaburi sikuwaona, nikasikia tu koleo… kwa hivyo Ronald atagawiwa mpaka kaburi la mama, nikitaka kung'oa magugu juu yake itabidi nibishe hodi kwa mke wa Ronald.

“Hiki kikubwa nakiweka huku juu migombani,” anasema Mahmud, “kitaliona bonde lote,” na anakiweka, pale pale, minyororo imekaa juu ya udongo wangu.

“Mahmud, kitoe.”

“Samahani shemeji, gundi haijakauka?”

“Kitoe tu hapo.”

Mwandawiro anacheka, “Ni mchezo tu, mama Shanice,” lakini Mahmud amekwisha kukiinua, amekifuta kwa shati lake, anapasawazisha pale kilipopachimba, kwa kidole kimoja, taratibu, haulizi kitu. Mgeni. Hajawahi kufika Werugha hata siku moja, ameambiwa toa, ametoa, na huyu wangu, aliyelia kaburini kuliko mimi, anaona mchezo. Basi. Jumamosi nitapanda kwenda Werugha, lakini jikoni siingii, nitachukua kiti nikae uani walipo wazee, wanitazame wanavyotaka, nitasema nina neno, na neno ni kwamba mimi ni mtoto wa mama na shamba ni la watoto wa mama, na mwenye mbavu zake azile huku anaisikia sauti yangu… akitaka aje, akitaka abaki na vifaru vyake.

“Imeshika hiyo?” anauliza Mwandawiro. “Nipe kisu basi nivunje hapo pembeni.”

Imeshika kitambo, naisikia chini ya vidole, kavu, haitikisiki.

“Bado,” nasema, na siachilii.